JAJI NYALALI NA ILE HESABU YA 80 KWA 20

  Leo hakuna bongo fleva wala Simba na Yanga. Leo namleta mzee mmoja ambaye kila aliyefika form four analijua jina lake, lakini ukimwuliza alifanya nini hasa anakupa mstari mmoja tu wa daftari la Uraia. Namzungumzia Jaji Mkuu Francis Lucas Nyalali.

Mstari wenyewe si mnaukumbuka. Tume ya Nyalali, mwaka 1991, asilimia 80 walitaka chama kimoja, asilimia 20 walitaka vyama vingi, mwaka 1992 nchi ikaingia vyama vingi. Ticha anafuta ubao, tunaenda mada nyingine. Sasa jamani hebu tulieni kidogo na hiyo hesabu. Themanini wanasema hiki, ishirini wanasema kile, halafu kinafuatwa cha ishirini! Nenda kijiweni ukawaambie washkaji kwamba watu wamehesabiwa na themanini wameshindwa na ishirini, si watasema mmeibiwa mchana kweupe? Na wapo watu wazima ambao mpaka leo wanasema hivyo hivyo, kwamba vyama vingi tuliletewa tu, wananchi walikataa.

Nimekuwa nikimfuatilia huyu mzee kwa muda sasa. Nilichokiona ni kwamba ile 80 huwezi kuielewa mpaka ujue watu waliulizwa nini, waliulizwa kwa njia gani, na waliulizwa mbele ya nani. Nadhani Nyalali aliliona hilo mapema kuliko sisi, na ndiyo maana hakukimbilia kutangaza mshindi kama mechi ya mpira.

Tuanze mwanzo. Nyalali alizaliwa Februari 1935, kanda ya Ziwa huko. Enzi hizo kijana wa Kiafrika kufika chuo kikuu ilikuwa kama kupanda Kibo pekupeku, maana Tanganyika yenyewe ilikuwa haina chuo kikuu hata kimoja. Yeye akafika Makerere, Uganda, kisha akaenda London kusomea sheria pale Lincoln's Inn. Akarudi nyumbani, akaanza uhakimu, akapanda taratibu mpaka Mahakama Kuu.

Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere akamteua kuwa Jaji Mkuu. Alikuwa na miaka 42 tu, kwa ujaji huo ni utoto kabisa, wengine umri huo bado wanabeba mafaili. Na kibarua hakikuwa chepesi. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na ile Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikafa nayo. Tanzania ikabidi iunde ya kwake mwaka 1979, na Nyalali ndiye aliyekuwa kiongozi wake. Alikaa kwenye kiti cha Jaji Mkuu mpaka mwaka 2000. Piga hesabu, ni miaka 23, chini ya marais watatu, Nyerere, Mwinyi na Mkapa. Hakuna Jaji Mkuu mwingine wa nchi hii aliyekaa muda mrefu hivyo.

Kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo shuleni linapitwa haraka. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, lakini serikali ikajipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake, kwa hiyo mpaka Machi 1988 mwananchi alikuwa hawezi kwenda mahakamani kudai haki hizo. Mlango ulipofunguliwa, mahakama iliyokuwa mikononi mwa Nyalali ndiyo iliyopokea kesi za kwanza. Mahakama ya Rufani akiwemo yeye ilifika mahali ikaiambia serikali kwamba kipengele cha sheria kinachomnyima mtu dhamana kinagongana na Katiba. Na hapo bado tuko kwenye chama kimoja! Nataka mlijue hilo, ili msije mkadhani aliokotwa tu barabarani akapewa tume.

Sasa tuje kwenye maswali yenyewe.

Kabla ya tume ya Nyalali kulikuwa na tume nyingine, ya mwaka 1964, mwenyekiti wake Rashidi Kawawa. Kazi yake ilihusu kuifanya nchi iwe ya chama kimoja cha kidemokrasia. Hebu sikia ujanja uliokuwepo pale. Tume ile haikutumwa kuuliza kama wananchi wanataka chama kimoja au hawataki. Mwalimu alisema wazi kwamba hilo limeshaamuliwa. Walichotumwa ni kuuliza kiwe chama kimoja cha aina gani. Kwa hiyo mzee wa Kirua au wa Mwika akisimama kutoa maoni, swali analopewa limeshajibu nusu kabla hajafungua mdomo. Ni kama mama ntilie akuulize unataka wali na maharage au wali na mchicha. Wewe ulitaka ugali, lakini ugali haupo kwenye swali, na wewe njaa inakuuma, utachagua wali. Halafu kesho yake anatangaza kwamba wateja wote wanapenda wali.

Ikaja katiba ya muda ya 1965 na chama kimoja kikawa sheria. Hata karatasi ya kura ilipangwa kivyake. Kwenye ubunge walisimama wagombea wawili, wote wa chama hicho hicho, mmoja alama yake jembe na mwingine nyumba. Kwenye urais ilikuwa jina moja na jibu la ndiyo au hapana, mpaka wazee wakawa wanatania kwamba Mwalimu anashindana na kivuli. Watu waliishi na maswali ya namna hiyo tangu 1965 hadi 1990. Miaka ishirini na tano ya kuulizwa ndiyo au hapana, na hapana yenyewe unaiona ina macho ya mwenyekiti nyuma yake.

Dunia ikabadilika. Ukuta wa Berlin ulibomolewa 1989. Mwanzoni mwa 1990 Nyerere mwenyewe, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, akasema kuongelea vyama vingi si dhambi. Wengi waliduwaa, maana aliyefunga mlango ndiye huyo huyo anaugusa kitasa. Mwaka uliofuata, 1991, Rais Mwinyi akaunda tume, wajumbe wakatoka Bara na Zanzibar, na mwenyekiti akawa Jaji Mkuu Nyalali. Jina lake refu lilikuwa Tume ya Rais ya mfumo wa chama kimoja au vyama vingi vya siasa. Lisomeni tena hilo jina. Kimoja au vingi. Swali lenye vyumba viwili tu, na kila Mtanzania achague cha kuingia.

Tume ikazunguka nchi nzima. Ikafanya mikutano ya hadhara, ikapokea maoni ya maandishi. Walioandikwa maoni yao walikuwa zaidi ya 36,000, kwenye nchi ambayo sensa ya 1988 ilikuta watu milioni 23 na ushei. Majibu yalipojumlishwa, waliotaka chama kimoja kiendelee walikuwa asilimia 77 na kidogo, waliotaka vyama vingi 21 na kidogo. Mitaani ikaviringishwa ikawa 80 kwa 20. Zanzibar picha ilikuwa tofauti kidogo, bado chama kimoja kiliongoza, lakini waliotaka vyama vingi walipita asilimia 40. Hiyo ya Zanzibar haikariwi shuleni, sijui kwa nini, wakati ndiyo yenye utamu.

Sasa fikiria mkutano wa hadhara wa 1991. Wewe uliyezaliwa juzi hujui, lakini wakati ule balozi wa nyumba kumi alikuwa balozi wa CCM. Ukitaka barua ya kwenda ofisini, ni yeye. Ukigombana na jirani, ni yeye. Mwenyekiti wa kijiji, wa chama. Sasa mkutano umeitishwa, watu wamekaa kwenye nyasi, anasimama mtu anaulizwa mbele ya wote hao, chama kimoja au vingi? Mtu ana watoto shuleni, ana kahawa shambani anayoitegemea, anajua kesho asubuhi atakutana na balozi kisimani. Huyo akisema chama kimoja, amejibu swali gani? Amejibu la mfumo wa siasa, au amejibu la je, wewe ni mtu mwema hapa kijijini?

Sisemi wote waliogopa. Wengi walikipenda chama chao kwa moyo mweupe kabisa, na sababu iliyotajwa sana ilikuwa amani. Tumezungukwa na nchi zilizochomeka, kwa nini tuguse kitu kinachokaa sawa? Hiyo ni sababu ya mtu mwenye akili timamu. Ninachosema ni kwamba mtu aliyependa na mtu aliyeogopa wote waliandikwa kwenye safu moja, na ukiangalia daftari huwezi kuwatofautisha.

Mambo haya wataalam wa kuuliza maswali wameyachimba sana duniani. Mwaka 1941 Mmarekani mmoja, Donald Rugg, alitoa matokeo yaliyowafanya watu wakune vichwa. Kundi moja la Wamarekani liliulizwa kama nchi iruhusu hotuba za hadharani za kupinga demokrasia. Asilimia 62 wakasema isiruhusu. Kundi lingine likaulizwa kama nchi ipige marufuku hotuba hizo hizo. Waliosema ipige marufuku walikuwa asilimia 46 tu. Kutoruhusu na kupiga marufuku si kitu kile kile? Ndiyo, lakini neno marufuku lina makali, mdomo unasita kulitamka. Neno moja tu limebadilishwa, na asilimia 16 ya watu imehama.

Na si neno tu, hata njia ya kuulizia. Mtu akipewa orodha kwenye karatasi anaelemea yale ya juu, macho yanachoka. Akisomewa orodha hiyo hiyo kwenye simu anaelemea yale ya mwisho, maana ya mwanzo yameshamtoka kichwani. Akiulizwa ana kwa ana anajipaka rangi nzuri, akijaza mwenyewe karatasi isiyo na jina anasema mambo ambayo uso kwa uso asingethubutu. Hawa Afrobarometer, ambao wamekuwa wakiuliza Watanzania maoni tangu 2001, mwisho wa mahojiano huwa wanamwuliza mtu anadhani ni nani aliyewatuma. Kwenye nchi nyingi za Afrika wengi hujibu kwamba ni serikali, ingawa si kweli. Na watafiti waliochambua majibu hayo wamekuta kwamba anayedhani katumwa mtu wa serikali huisifu serikali kuliko jirani yake anayedhani vingine. Swali ni lile lile, dodoso ni lile lile, kilichobadilika ni sura anayoiona nyuma ya anayeuliza.

Rudi sasa 1991. Anayeuliza ni tume ya Rais, na mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Hapo hata kuhisi hakuhitajiki, unajua kabisa nani kaituma.

Kuna jingine la mahakamani ambalo nafikiri lilimsaidia Nyalali, ingawa hapa natoa maoni yangu mimi. Sheria yetu ya Ushahidi ya 1967 inamkataza wakili kumwuliza shahidi wake mwenyewe swali linaloongoza, yaani swali lenye jibu tumboni. Huruhusiwi kumwuliza si ulimwona mshtakiwa akiwa na panga? Unatakiwa umwulize uliona nini. Kwa nini? Kwa sababu binadamu akilishwa jibu huwa analimeza, hata bila nia mbaya. Jaji amekaa miaka kibao akisikiliza mawakili wakikatazana maswali ya namna hiyo. Mtu kama huyo akiletewa majibu 36,000, hawezi kuyachukua kama magunia ya mahindi ya sokoni Himo, unapima tu kwenye mzani. Lazima aulize shahidi alisema hili akijibu nini.

Na ndivyo tume ilivyofanya. Haikuishia kwenye vyumba viwili vya kimoja na vingi. Ilisoma pia maneno ambayo watu waliyaongeza baada ya kuchagua. Hapo mambo yakafunguka. Wengi katika wale waliosema chama kimoja kiendelee hawakuishia hapo, waliongeza kwamba kiendelee lakini kibadilike. Walikuwa na malalamiko, walitaka mambo yarekebishwe, na tume ikaona mabadiliko mengi waliyoyataka ni magumu kupatikana bila kuwepo ushindani. Kwa maneno mengine, kwenye swali la kufunga mtu kajibu kimoja, kwenye maelezo yake mwenyewe kaeleza kitu kinachofanana na vingi. Swali la kufunga lilimpa nafasi ya kuweka vema tu. Alipoachiwa kuongea ndiyo akaleta mzigo wote.

Tume ikaongeza hoja nyingine mbili. Kwamba theluthi au robo au moja ya tano ya nchi si watu wa kupuuzwa, ukiwapuuza leo kesho watadai kwa mabavu. Na kwamba ni heri kubadilika nyumba ikiwa imetulia kuliko kubadilika inawaka moto. Angalia majirani wakati ule. Oktoba 1991 Kaunda aliangushwa Zambia kwenye uchaguzi, Desemba 1991 Kenya ikafuta kifungu chake cha chama kimoja baada ya purukushani za muda mrefu. Hivyo tume ikapendekeza vyama vingi.

Hapa nataka kuwa mkweli kwenu, maana kuna upande wa pili na una nguvu. Ukishaanza kusema kwamba watu walisema A lakini walimaanisha B, umejipa madaraka makubwa sana. Kesho atakuja mwingine, hana nia njema ya Nyalali, atahesabu watu wamesema hapana na atasema walimaanisha ndiyo. Nani atamzuia? Kwa mtazamo wangu Nyalali aliponea kwenye jambo moja, hakuificha namba. Iliandikwa, ikatangazwa, na sababu za kwenda tofauti nayo zikawekwa mezani watu wabishane nazo. Ndiyo maana leo mimi na wewe tunaijua ile 80. Angeweza kuipindua ikawa 50 kwa 50 na nani angejua?

Februari 1992 mkutano mkuu maalum wa CCM ukakubali, Mwalimu akiunga mkono. Mei Bunge likabadilisha Katiba, na kuanzia Julai 1992 ikawa halali kuandikisha vyama. Hapa kwetu habari ilichemka haraka. Edwin Mtei wa Marangu, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, akaanzisha CHADEMA mwaka huo huo. NCCR, iliyoanza 1991 kama kamati ya kudai mabadiliko ya katiba, ikawa chama cha NCCR-Mageuzi, na baadaye ikampata Augustino Mrema wa hapa hapa Vunjo.

Oktoba 1995 watu wakaulizwa tena. Safari hii kwa njia nyingine kabisa, chumba cha siri, karatasi isiyo na jina, majina manne ya wagombea urais. Mkapa alipata asilimia 61.8, Mrema 27.8, Lipumba na Cheyo wakagawana zilizobaki. Kilimanjaro ikampa Mrema kuliko Mkapa, tena kwa mbali. Zanzibar, kule ambako Nyalali alikuta zaidi ya 40 wanataka vyama vingi, urais wao ulitangazwa Salmin Amour 50.2 na Seif Sharif Hamad 49.8. Najua kutaka vyama vingi na kumpigia mpinzani ni maswali mawili tofauti, msinirukie. Lakini kutoka 21 ya mkutanoni mpaka 38 ya chumba cha siri ndani ya miaka minne, mimi nasema sehemu ya pengo hilo ni lile pazia la kituo cha kura.

Nyalali hakupata kila alichopendekeza. Tume yake ilitaja sheria 40 kandamizi zifutwe au zirekebishwe, nyingi ziliendelea kukaa vitabuni miaka mingi baadaye. Ilipendekeza muungano wa serikali tatu, ikakataliwa. Ilitaka uandikwe upya utaratibu wa katiba wananchi wakishirikishwa, badala yake katiba ile ile ikawekwa viraka. Hii sehemu inaniuma zaidi kuliko ile 80 kwa 20. Serikali ilichukua jibu moja, mengine ikayaacha kwenye kabati.

Cha ajabu ni kwamba waliomfuatia waliingia kwenye mtego ule ule wa swali, kila mmoja kwa mlango wake. Mwaka 1998 serikali ilitoa waraka wa mambo ya katiba yanayotakiwa kujadiliwa, na kwenye waraka huo huo ikaandika msimamo wake juu ya kila jambo, ndipo kamati ya Jaji Kisanga ikapelekwa kuwauliza wananchi. Yaani mwalimu ameandika mtihani na majibu yake pembeni. Wengi mno wakaunga mkono serikali mbili, kama waraka ulivyosema. Kamati ilipothubutu kupendekeza tatu, Rais Mkapa akaikemea hadharani.

Halafu ikaja Tume ya Warioba, 2012 mpaka 2013, nayo ikaenda upande mwingine kabisa. Iliacha watu waseme wanachotaka, huru, bila orodha. Vizuri, si ndiyo tulichokuwa tunataka? Subiri. Watu zaidi ya 351,000 walitoa maoni, na kati yao waliogusa muundo wa Muungano ni 47,820. Katika hao, wa Bara asilimia 61 walitaka serikali tatu, wa Zanzibar asilimia 60 wakataka Muungano wa mkataba. Machi 2014 Mzee Warioba akaeleza hayo bungeni. Siku chache baadaye Rais Kikwete akasimama bungeni hapo hapo na hesabu nyingine, kwamba asilimia 86 hawakuutaja Muungano kabisa, kwa hiyo kwao si tatizo. Wote wawili wametumia daftari moja! Ukimwacha mtu aongee huru, anaongea kinachomkera siku hiyo, maji, mbolea, bei ya kahawa. Ukimya wake juu ya mengine unaweza kuwa kuridhika, unaweza kuwa kusahau, unaweza kuwa foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Kila mwanasiasa anaujaza anavyotaka.

Nyalali hakuyaona hayo ya Warioba. Alistaafu 2000 na akafariki dunia Aprili 2003. Miaka ishirini na zaidi imepita, jina limebaki kwenye mtihani wa Uraia na kwenye midomo ya wanaobishana katiba.

Siku hizi wanatuuliza kwa simu, kwa ujumbe mfupi, kwa karani mwenye kishikwambi, kama sensa ya 2022 ilivyokuja. Vijana wenzangu wengi wanapata vibarua vya kudodosa, wapo waliozunguka vijiji vyote vya mteremko huu na begi mgongoni. Nyie ndio nataka mnisaidie. Mkifika nyumba ambayo baba amekaa pembeni, mama anajibu sawa na akiwa peke yake? Mkisoma orodha ya majibu sita kwa sauti, mtu anakumbuka ya kwanza? Na wale wenye babu au bibi aliyehudhuria mkutano wa tume mwaka 1991, Moshi au popote, mwulizeni leo jioni alisema nini pale. Mwulizeni peke yake, wajukuu wengine wasiwepo, halafu mtuwekee hapa chini.